Uzi wa Final Fantasy X: kwa nini njia ile iliyonyooka bado inaniuma

MwanaDunga (Kisumu), mleta uzi

Wadau, tahadhari kwanza. Nitaeleza hadithi yote mpaka mwisho bila kuficha. Gemu yenyewe ilitoka 2001, na toleo lililong'arishwa liko kwenye PS4 tangu 2015, kompyuta tangu 2016 na Switch tangu 2019, kwa hiyo anayetaka kuionja mwenyewe bado ana nafasi. Aufunge uzi huu, akaicheze, halafu arudi.

Kilichonileta ni lawama moja ninayoisikia kila Final Fantasy X inapotajwa, humu na hata kwenye vibanda vya PS kule Kondele. Ati gemu ni ushoroba mtupu. Unasukuma pedi mbele, unapigana, unasukuma tena mbele. Hakuna ramani ya dunia ya kuzurura kama zile za gemu zilizotangulia, na merikebu ya angani ukishaipata unachagua tu jina la mahali kwenye orodha. Hayo ni kweli. Ninachopinga ni kuyaita kasoro. Naamini ule ushoroba ndio unaokuvunja moyo, na Square, kampuni iliyoiunda, walijua walichokuwa wanafanya.

Kwa wasioijua: dunia inaitwa Spira. Kuna dubwana liitwalo Sin, linatoka baharini na kufagia miji. Halishindwi likaisha. Mara mojamoja anatokea mwitaji, yaani mtu anayeweza kuita viumbe wenye nguvu waitwao Aeon, analishinda, watu wanapata kipindi cha Utulivu, halafu Sin inarudi. Yuna ana miaka 17. Babake, Braska, aliishinda Sin miaka 10 iliyopita. Sasa binti anaanza hija ileile kutoka kisiwa cha Besaid, hekalu kwa hekalu, mpaka magofu ya Zanarkand, ambako atapata Aeon ya Mwisho. Anaandamana na walinzi wake. Sisi wachezaji tunamwongoza Tidus, nyota wa blitzball, mpira unaochezwa ndani ya maji. Ametupwa Spira kutoka Zanarkand iliyokuwa hai, na anaambiwa mji wake ulibomolewa miaka 1000 iliyopita.

Kila mtu Spira anajua jambo ambalo Tidus halijui: mwitaji anayeita Aeon ya Mwisho anakufa papo hapo. Braska alikufa hivyo. Yuna anaenda kufa. Walinzi wenzake wanajua: Lulu anajua, Wakka anajua, Kimahri na Auron wanajua, watoto wanaompungia mkono barabarani wanajua, wazee wanaomwombea baraka wanajua. Ni Tidus peke yake, na wewe uliyeshika pedi, mnaodhani hii ni safari ya ushindi na kurudi nyumbani.

Unaambiwa ukiwa umechelewa, kule Home, maskani ya Al Bhed, jamii inayotumia mashine, jangwani Bikanel, wakati moto unawaka kila upande. Rikku, mlinzi mwingine wa Yuna, ndiye anayesema. Tidus anaanguka magotini na kulia kwamba siku zote alikuwa anamhimiza Yuna, twende Zanarkand, tuipige Sin, akimsimulia yote watakayofanya baada ya hapo, naye Yuna alikuwa anatabasamu tu.

Nilicheza sehemu hiyo kwenye PS2 ya binamu yangu, Nyalenda, kwenye TV ya kioo kinene, vijana wakiwa nyuma yangu wanangoja zamu yao ya mpira. Niliweka pedi chini. Hakuna aliyenihimiza. Mmoja wao aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo wote walikuwa wanajua?"

Sasa rudini kwenye ule ushoroba. Mmeipita njia yote hatua kwa hatua. Kilika, Luca, barabara ndefu ya Mi'ihen, Djose, mto wa Moonflow, Guadosalam, uwanda wa radi, msitu wa Macalania. Hakuna kipande mlichoruka. Hamkuweza kumwacha Yuna kijijini mkaenda kuzurura. Kila hatua uliyosukuma ilimsogeza mbele, na mbele kulikuwa na kaburi lake. Ukicheza mara ya pili ukijua, kusukuma tu ile pedi kunakuwa kazi ngumu.

Na si kutembea peke yake. Katika gemu za aina hii, tabia yetu sisi wachezaji ni kujenga watu wetu. Sphere Grid, ule ubao mpana wa vijiduara ambao kila mhusika anausafiri akipata uzoefu, niliutumia kumpendelea Yuna. Nilitafuta mapambano ya ziada makusudi ili nimfikishe kwenye Holy, ule uchawi mkali, mapema. Kwingine ukimjenga mtu unamwokoa. Hapa unamjenga ili afike madhabahuni akiwa mzima. Jasho lote lile, mkono wangu ndio uliokuwa unamnoa.

Kuna sini moja pale Luca watu huikata na kuichekea mtandaoni, ya Tidus na Yuna wakijilazimisha kucheka kwa sauti kubwa ya ajabu. Wanasema uigizaji mbovu. Jamani, angalieni kilichotangulia. Tidus ametoka kuambiwa na Auron kwamba Sin ni babake mwenyewe, Jecht. Yuna anamfundisha kucheka akiwa na huzuni kwa sababu yeye amekuwa akijizoeza hivyo, anataka safari yake ijae kicheko. Kicheko kinasikika cha uongo kwa sababu ni cha uongo. Halafu baadaye wanacheka kweli, kwa ujinga wa walichofanya, na hicho cha pili ni halisi. Msichana wa miaka 17 anayejua siku zake zinahesabika ndiye anamfundisha mwenzake kucheka. Mtu akiisikiliza sini hiyo akijua anachokijua Yuna, nitashangaa akiweza kuikejeli.

Jambo la mwisho, na hili ndilo sijaona mtu akiliandika. Njia ile iliyonyooka si ya waundaji peke yao. Ni njia ya Yevon, dini ya Spira. Kwa miaka 1000 waitaji wamepita palepale, hekalu baada ya hekalu, na hakuna anayeuliza. Wanafika Zanarkand, Yunalesca, mwitaji wa kwanza kuishinda Sin, anawaeleza ukweli: Aeon ya Mwisho hutengenezwa kutokana na mlinzi mmoja unayempenda, na Aeon hiyo ikishaua Sin inageuka kuwa Sin mpya. Yaani mwitaji anakufa, rafiki yake anakuwa dubwana, na kazi inaanza upya. Yuna anakataa. Anasema hatakubali tumaini la uongo. Na ni baada ya kukataa huko ndipo gemu inakufungulia dunia yote, upande merikebu, uende utakako, urudi ulikotoka. Ushoroba unaisha pale msichana anaposema hapana. Hiyo ndiyo kazi ya ustadi ninayoizungumzia, na sijaiona kwingine.

Semeni nanyi. Ni wapi ilipowashika?

Fundi_Kondele

Mimi natengeneza hizi mashine. PS2 zinakuja lenzi imechoka, nasafisha, nabadilisha, zinaendelea. Ninachoweza kuongeza ni kuhusu memori kadi. Zile za asili ni MB 8 tu, kwa hiyo zinajaa, na mtu akileta mashine namwuliza kama nifute za zamani apate nafasi. Mpira wanaruhusu. Za mbio za magari wanaruhusu. Mwenye Final Fantasy X ananiambia hiyo usiguse, hata kama alishaimaliza na PS2 yenyewe anaiuza. Anaiuza bila kadi.

Lanet_Mashariki (Nakuru)

MwanaDunga, umeandika ya Yuna vizuri, asante. Mimi nitazungumza juu ya Wakka kwa sababu hapewi haki yake.

Wakka ni mcheshi, nahodha wa Besaid Aurochs, timu inayopigwa kila mwaka, mtu wa watu. Na anawachukia Al Bhed. Hasemi kwa hasira. Anasema kama jambo ambalo kila mtu mwenye akili analijua. Wanatumia mashine, wanavunja mafundisho ya Yevon, wao ndio sababu Sin hairudi nyuma. Mdogo wake, Chappu, alikufa vitani dhidi ya Sin, na kilichomkera Wakka zaidi ni kwamba Chappu aliacha upanga aliopewa na kaka yake akaenda na silaha ya Al Bhed. Upanga huo ndio anampa Tidus mwanzoni. Unaitwa Brotherhood, na Tidus anaubeba bila kujua uzito wake.

Nilikuwa mtoto hapa Nakuru mwanzoni mwa 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Sitasimulia, walioishi hapa wanajua. Nitasema tu kwamba baada ya Januari ile kulikuwa na majirani ambao nyumbani kwetu hawakutajwa tena, na watoto tuliiga wakubwa bila kuelezwa lolote. Chuki ile haikupigiwa kelele. Ilipakuliwa mezani pamoja na ugali. Ndiyo maana nilipomsikia Wakka akizungumza, nilimtambua mara moja. Alizungumza kama watu wazuri ninaowapenda.

Rikku ni Al Bhed. Wote kwenye kundi wanajua isipokuwa Wakka. Amekula naye, amepigana bega kwa bega naye, amemtania kama mdogo wake. Siri inapofichuka kule Macalania, anabadilika uso palepale. Kisha anafikishwa Home na kuona nyumba za watu zikiungua, na waliozichoma wametumwa na upande wake yeye, upande mtakatifu. Anagundua pia kwamba mamake Yuna alikuwa Al Bhed. Yuna, ambaye amemlea kama dada.

Gemu haimpi hotuba ya toba. Anakaa kimya. Anauliza maswali madogo. Anaanza kumsikiliza Rikku. Anabadilika njiani, kidogo kidogo, na mara nyingine anateleza tena. Huo ndio ukweli wa mambo kama ninavyoujua mimi. Nimeona watu wazima mtaani kwetu wakirudi kusalimiana hivyohivyo, kwanza kuazimana jembe, kisha kuhudhuria matanga, kisha chai. Hakuna aliyeita mkutano.

Na kuna vile vitabu vya lugha ya Al Bhed, 26, vimetawanywa njia nzima. Kila unachookota kinakufungulia herufi moja, na maneno yao kwenye maandishi ya chini yanaanza kusomeka. Mwanzoni ni kelele tu. Ukiwa na subira ya kuokota, unaanza kuona kwamba wale uliokuwa unawaogopa walikuwa wanaulizana tu kama uko salama. Nilipoelewa sentensi yangu ya kwanza kamili nilirudi nyuma kuongea na kila mtu tena.

MwanaDunga

Lanet, nimesoma mara mbili. Hilo la Brotherhood sikuwahi kuliunganisha na Chappu kiasi hicho. Ahsante ndugu yangu.

Radi_Kakamega

Omera MwanaDunga, nakuheshimu lakini napinga. Moyo wa gemu hii si Yuna. Ni Jecht.

Niseme kwanza kuhusu uwanda wa radi maana jina langu linanidai. Watu wa magharibi tunaijua radi. Kakamega na Kisii mvua ya alasiri ikija, mama anaamuru TV ichomolewe, kila waya ukutani, watu wakae mbali na dirisha. Sasa mimi naicheza sehemu ambayo kazi yake ni kukwepa radi, ukitaka silaha kamili ya Lulu ukwepe 200 mfululizo bila kukosa, na nje radi halisi inapiga na mamangu anaita nizime. Sikuzima kwa hiari hata siku moja; stima ndiyo iliyonizimia. Rikku anapojikunyata kwa hofu pale njiani na kusihi wapumzike, nyumbani kwetu hakuna aliyemcheka.

Turudi kwa Jecht. Tidus anamchukia babake. Baba mwenye sifa, mlevi, aliyemwita mlialia mbele za watu. Halafu safarini tunaokota mipira ya kumbukumbu ambayo Jecht aliirekodi miaka 10 nyuma, alipopita njia ileile kama mlinzi wa Braska. Ndani yake unamwona mzee akibadilika. Pale Moonflow alilewa akamshambulia mnyama asiye na hatia, na kuanzia hapo akaapa kuacha pombe. Na aliacha kweli. Mwanawe hakuwepo kuona. Anakuja kuona miaka mingi baadaye, kwenye picha zinazotikisika, wakati baba mwenyewe ameshageuka Sin.

Babangu alikunywa nilipokuwa mdogo. Aliacha nilipokuwa shule ya bweni. Nilirudi likizo nikamkuta mtu mwingine mezani, na sikumwamini. Kwa hiyo hizo sini nilizitazama nikiwa na kitu kooni, na nilizirudia moja moja.

Vita na Jecht mwishoni, gemu inakupa amri ya kuzungumza. Katikati ya pambano Tidus anaweza kuongea na babake badala ya kumpiga, na kile kipimo cha shambulio kubwa la Jecht kinashuka. Nimecheza gemu nyingi. Bosi anayetulia akisikia sauti ya mwanawe sijamwona tena. Baada ya hapo Tidus, akiwa amemshika, anamwambia anamchukia, na wote wawili wanajua anachosema sicho. Na ile filamu ya mwisho kabisa, Tidus akipaa anapita kwa Braska, anapita kwa Auron, halafu Jecht anainua mkono nao wanapigana kofi la viganja. Sekunde moja hivi. Niliirudisha nyuma mpaka babangu akauliza ninatazama nini.

Akakaa. Nikamweleza kila kitu tangu mwanzo. Hakusema neno kuhusu Jecht, lakini aliuliza kama kuna nyingine ya hivyo.

Sauti_ya_Pili (Milimani, Kisumu)

Naomba tuzungumze muziki pia, maana mnaandika kana kwamba gemu hii haina sauti.

Nobuo Uematsu aliandika pamoja na Masashi Hamauzu na Junya Nakano. Ile ya piano inayofungua, wote wamekaa kando ya moto kwenye magofu, Tidus anaanza kusimulia, inaitwa To Zanarkand. Nilijifunza kuipiga kwa sikio kwenye kinanda cha kanisa baada ya mazoezi ya kwaya. Si ngumu kwa vidole. Ngumu ni kuiachia nafasi. Ukiikimbiza inakufa.

Lakini kilichonishika mimi ni ule wimbo wa mahekaluni. Ni wimbo mmoja, hauna ala, na kila hekalu una sauti tofauti: Besaid ni mwanamke, Kilika ni mwanamume, Bevelle ni mtoto. Mtu wa kwaya anaelewa haraka kinachofanyika hapo. Ni sehemu za wimbo mmoja zilizotenganishwa, kila mmoja anaimba yake peke yake gizani. Wanaoimba ni watu waliotoa nafsi zao wawe Aeon, na hawajapumzika miaka yote hiyo.

Kisha unaambiwa wimbo ule ulikuwa wa Zanarkand, wa watu waliokuwa wakipinga, Yevon wakaupiga marufuku na hatimaye wakaukubali kama wimbo wa ibada. Na kundi linapojiandaa kuikabili Sin, mpango wao ni kuomba Spira nzima iimbe, kwa sababu Jecht aliupenda, alizoea kuuimba, na Sin ikiusikia inatulia. Waumini, Al Bhed, wote wimbo mmoja. Radi, huyo hapo Jecht wako. MwanaDunga, huyo hapo Yuna wako. Mimi nawasikia wote wawili kwenye wimbo huohuo.

Mama_Kibuye

Wanangu, mimi si mchezaji. Mwanangu ana miaka 14 na anacheza hii kwenye kompyuta, kaka yake alimwekea. Nilikuja humu kutafuta kama inafaa mtoto, nikajikuta nasoma yote.

Nilianza kuitazama nikiwa nachambua omena, kwa kuwa nilisikia watu wanalia kwenye mashine. Ilikuwa pale kijiji cha majini, Kilika. Sin imekipiga. Nyumba za nguzo zimevunjika, maiti zimewekwa ndani ya maji zikiwa na maua, na yule msichana anatembea juu ya maji jua likizama, anacheza na fimbo yake, na roho zinapaa kama vimulimuli. Mwanangu akanieleza: asipowacheza, wafu wanabaki na wivu kwa walio hai, wanageuka mazimwi.

Nikaacha omena. Mimi nimezaliwa ufukweni. Kwetu mtu akizama na mwili usipatikane, hatusemi basi. Wazee wanachukua tunda la yago, linazikwa mahali pake, nyumbani kwake, na watu wanalia kama inavyopasa. Nimelishuhudia mara moja nikiwa msichana na nikiwa mama nimelishuhudia tena, la kaka yangu. Kuna watu wa mjini wanaona ni mambo ya kale. Lakini mwili usiporudi na usifanye lolote, nyumba haikai. Mke halali, watoto wanatazama ziwa kila jioni. Hao waliotengeneza gemu ni Wajapani, hawajawahi kufika Nyanza, na wamelijua hilo. Mwanangu aliniuliza kwa nini nalia, nikamwambia kuhusu mjomba wake, mambo ambayo sikuwa nimemwambia vizuri hapo awali.

Swali langu. Huyu msichana anawacheza wafu wa watu wote. Yeye akifa pale Zanarkand, nani angemcheza?

MwanaDunga

Mama, pole sana kwa mjomba wa kijana. Nimekaa na swali lako tangu asubuhi.

Hakuna aliyepangiwa kazi hiyo. Hilo ndilo linaloogofya. Kabla tu ya kuingia Zanarkand, Tidus anaokota mpira wa kumbukumbu ambao Yuna alirekodi maneno ya kuwaaga walinzi wake mmoja mmoja, usikilizwe baadaye. Alijiagia mwenyewe, mapema, akiwa hai, kwa sababu alijua muda hautakuwepo.

Lakini Yuna hafi. Anakataa njia ile, na kwa pamoja wanaingia ndani ya Sin kuimaliza kabisa. Bei yake ni hii: inabidi waue Aeon zote, moja baada ya nyingine, zile alizosafiri kuziomba hekalu kwa hekalu, na mchezaji uliyezipa majina ndiye unazipiga. Zikiisha, ndoto za wale waimbaji gizani zinaisha, na Tidus alikuwa ndoto yao. Alijua kabla yake. Safari hii Yuna ndiye aliyekuwa hajui. Mara ya mwisho Yuna anapocheza ngoma ya kuaga wafu, Auron anaondoka, maana naye alikuwa mfu siku zote, kisha Tidus anaanza kufifia. Yuna anamkimbilia kumkumbatia na anapita katikati yake, anaanguka chini. Basi mama, aliyechezewa mwishowe ni yule kijana, na aliyemcheza ni Yuna.

Lanet_Mashariki (Nakuru)

Na ndiyo maana mimi siikubali X-2, gemu ya 2003 inayoendeleza hadithi hii, inayokuruhusu kumrudisha Tidus ukifanya kila kitu sawasawa. Aliyeagwa ameagwa.

Radi_Kakamega

Mimi nilimrudisha. Nilimpa jina langu tangu mwanzo, maana gemu inakuruhusu, na kwa sababu hiyo hakuna sauti inayomtaja kwa jina gemu nzima. Mtu niliyetembea naye kiasi hicho, nikipewa nafasi ya kumtoa majini, namtoa. Sihitaji ruhusa.

Sauti_ya_Pili (Milimani, Kisumu)

Nami ningemtoa, Radi. Kisha ningeipiga tena ile ya piano na kujua kwamba haikuandikwa kwa ajili ya kurudi kwake. Yote mawili.

Mama_Kibuye

Nimeelewa, MwanaDunga. Ahsante kwa kunijibu kama mtu mzima.

Sasa nina shida nyingine. Mwanangu hajafika huko. Amesema wako Macalania, kwenye barafu, na jana aliniambia kwamba Yuna akishamaliza safari atarudi Besaid na Tidus atamfundisha mpira. Alisema kwa furaha kabisa. Mimi nilikuwa nimeshasoma uzi huu. Nilimtazama nikatabasamu, nikasema vizuri.

Nimekuwa kama Lulu. Sitamwambia. Lakini nimeamua siku atakapofika huko jangwani nitakuwa nimekaa karibu naye, hata kama ni Jumapili ya soko nitamwachia jirani meza.

MwanaDunga

Hajabakiwa na mbali mama, baada ya hekalu la Macalania ni jangwani moja kwa moja. Na mwambie jambo hili moja tu, halifichui chochote: ndani ya Home aokote vitabu vyote vya Al Bhed atakavyoviona kabla ya kupanda merikebu. Home ikishalipuliwa, hawezi kurudi kuvichukua.